Kabla Ramani Haijachorwa: Namna ya Kuzungumza na Mbunifu wa Nyumba Yako

Hotuba kwa wanachama wa chama cha akiba na mikopo waliopata viwanja Kigamboni, Dar es Salaam. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika ukumbini.

Mama Mwenyekiti, viongozi wa chama, wazee wangu, shikamooni. Kaka zangu na dada zangu, habari za asubuhi.

Kwanza hongereni kwa viwanja. Najua mlivyojinyima kuvipata. Wapo humu walioendelea kugombania daladala wakati wenzao kazini wananunua magari, na wapo waliosemwa na ndugu kwa kuchangia harusi kwa mkono mfupi. Leo kila mmoja wenu ana bikoni zake nne na namba ya kiwanja. Kinachofuata ni nyumba. Kabla ya nyumba kuna ramani, na kabla ya ramani kuna mazungumzo. Hayo mazungumzo ndiyo niliyoitiwa hapa, na nimeyafurahia mno, maana katika kazi hii ya ubunifu majengo nimeona nyumba nyingi zikiharibikia kwenye kikao cha kwanza. Zege lilikuwa zuri, nondo zilitosha, fundi alikuwa mwaminifu, lakini mwenye nyumba na mbunifu wake hawakuwahi kuelewana wanamjengea nani, na huyo mtu anaishi vipi.

Mtaniuliza: tangu lini watu wakafundishwa kuzungumza na anayewajengea? Wazee wetu walifundishwa na nani?

Swali zuri. Nendeni Mji Mkongwe wa Unguja, au Lamu, mkazitazame zile nyumba za mawe. Mlangoni kuna daka, yaani kijukumbi cha kuingilia, na baraza za kukalia, ili mgeni apokewe, anywe kahawa yake, amalize shauri lake na aondoke bila kuitazama familia. Njia ya kuingilia imepinda, ili anayepita barabarani asitupe jicho lake hadi uani. Wanawake wana sehemu yao. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo zikizidi mita 3 hivi hazifai tena. Je, mwenye nyumba alimwandikia fundi maelezo ya kurasa kumi? Hapana. Fundi alikuwa mtu wa mtaa uleule, anaswali msikiti uleule, na kwao pia kulikuwa na daka na baraza. Maisha ya nyumba ile aliyajua kabla hajaitwa kuijenga. Na bara ni vilevile: waliokuja kukusaidia kukandika ni shemeji na majirani, hakuna aliyehitaji kuambiwa ng'ombe wanalala wapi.

Mbunifu wa leo si jirani yako. Amesoma Chuo Kikuu Ardhi, au amesoma nje. Jua na upepo anavijua, masharti ya halmashauri anayajua. Ila hajui kuwa mama mkwe wako huja Desemba akakaa hadi Machi. Hajui kuwa wewe hulala mchana kwa sababu unafanya kazi zamu ya usiku. Hajui kuwa mtoto wako wa pili hatembei vizuri. Nani atamwambia? Nawauliza tena, nani atamwambia, kama si wewe mwenyewe?

Kwa hiyo la kwanza, na kwangu hili ndilo kubwa kuliko yote nitakayosema leo: mweleze mbunifu maisha yako.

Alinijia mama mmoja, muuguzi, ana simu mkononi. Kwenye simu kuna picha ya nyumba ya ghorofa, kuta nyeupe, vioo kutoka sakafuni hadi darini, paa limefichwa nyuma ya ukuta. Akasema, "Nataka hii." Nikamwuliza anapenda nini hasa pale. Akasema yote. Nikamwuliza, "Mama, kwenye hii nyumba wewe uko wapi, na unafanya nini?" Akaitazama picha kwa muda, kisha akanionyesha kona moja karibu na ngazi. "Niko hapa. Nimetoka zamu ya usiku. Jua la asubuhi linaingia, nakunywa chai, na hakuna anayeniita."

Mmesikia alichokitaka? Alitaka sehemu tulivu, yenye jua la asubuhi, mbali na kelele za sebule. Vile vioo virefu vilikuwa vya nchi ya baridi, ambako watu wanalitafuta jua mwaka mzima. Viweke Kigamboni upande wa magharibi, ikifika saa tisa alasiri hukai humo. Na lile paa lililofichwa nyuma ya ukuta, mvua za masika zikilikuta na mifereji midogo iliyoziba majani, maji hayana pa kwenda ila ndani. Tulimjengea nyumba ya chini, ina kibaraza upande wa mashariki, mlango wake unatokea chumbani kwake. Gharama ilikuwa sehemu ndogo tu ya ile ya kwenye picha. Wahenga walishasema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi siku hizi tunapigwa picha ya mlango, tunaipeleka kwa mbunifu, tunamwambia anakili.

Sikatazi picha. Leteni, tena nyingi. Lakini kila picha iandikie sentensi moja: hapa nimependa mwanga, hapa nimependa jinsi jiko linavyotazama uani, hapa nimependa rangi tu. Mbunifu akipata sentensi hizo kumi ana kazi ya kufanya. Akipata picha kumi zisizo na maneno, atakuchorea nyumba ya mtu mwingine.

Sasa maisha unayaelezaje? Ipitie siku yako tangu alfajiri. Nani anaamka wa kwanza, na akiwasha taa anamwamsha nani? Watoto wanaondoka saa kumi na moja na nusu kuwahi gari la shule. Wote wanagombania bafu lipi? Anayetawadha anatawadhia wapi? Gesi iko ndani, lakini maharage na makande unapika kwa mkaa: huo mkaa unakaa wapi, na moshi wake unaelekea dirisha la nani? Dada anayekusaidia kazi analala wapi? Jamani, hapo naomba tutazamane. Nimeona ramani za nyumba za vyumba vitano ambamo dada amewekewa godoro stoo, katikati ya magunia ya mchele. Huyo ni binti wa mtu, na anaishi humo ndani kuliko wewe unayerudi saa mbili usiku. Mtaje mapema, apewe dirisha.

Nguo zinaanikwa wapi? Maji yakikatika, tangi limekaa juu ya nini, na linajazwaje? Wageni wasiopiga simu kabla ya kuja wanafikia wapi? Na kuna swali hili ambalo watu hawapendi kuulizwa, lakini mimi huwauliza: msiba ukitokea, turubai litasimama wapi? Kwetu sisi msiba ni nyumbani. Watakuja watu mia mbili, watapika, watalala. Kiwanja cha mita za mraba 600 ukikijenga kote, na kilichobaki ukakiwekea maegesho ya magari mawili, waombolezaji utawaweka barabarani. Mbunifu akilijua hilo mapema ataisogeza nyumba upande mmoja, akuachie uwanja mmoja wa maana badala ya vichochoro vinne visivyofaa kitu.

Tena, mweleze maisha yajayo. Familia moja ilijenga ghorofa nzuri sana, vyumba vyote vya kulala juu, chini sebule na jiko na choo kidogo cha wageni. Baba mwenye nyumba akapata kiharusi. Mimi niliitwa baada ya hapo. Nilimkuta mzee amelazwa sebuleni, kitanda kimezibwa kwa pazia, wajukuu wanatazama katuni pembeni yake. Mlango wa kile choo cha chini ulikuwa sentimita 60, na kiti chake cha magurudumu hakipiti. Mzee yule, mwenye heshima zake, akawa anahudumiwa mbele za watu. Kosa la nani? Mbunifu hakuuliza, na familia haikusema. Chumba kimoja chini, chenye choo chake na mlango wa sentimita 90, kingetosha. Kwenye karatasi hiyo ni kazi ya mchana mmoja.

Na jambo jingine katika hilihili. Ukizungumza na mbunifu, mpe tatizo, dawa mwachie yeye kwanza. Ukiniambia, "Weka dirisha kubwa hapa," nitaliweka. Ukiniambia, "Chumba ninacholala sasa kina joto, sipati usingizi hadi saa nane usiku," hapo umenifungulia mlango wa kufikiri. Nitazielekeza kuta ndefu za nyumba kaskazini na kusini, ili jua kali la alasiri likute ukuta mfupi. Nitatafuta upepo wa kusi, unaotoka kusini mashariki miezi ile ya katikati ya mwaka, na kaskazi, unaotoka kaskazini mashariki miezi ya joto kuanzia Desemba, niupe pa kuingilia na pa kutokea, maana upepo usio na pa kutokea hauingii. Nitalitanua paa lifunike kuta. Huenda hata hilo dirisha kubwa lisihitajike. Ungeniamuru dirisha, ungepata dirisha na joto lako lingebaki palepale.

Twende kwenye la pili, fedha. Najua ukumbi umetulia ghafla.

Ndugu zangu, mficha uchi hazai. Watu wengi wanamficha mbunifu uwezo wao. Wanaogopa kwamba wakisema wana milioni themanini, nyumba itachorwa ya milioni themanini na zaidi. Wengine wanaona aibu kwamba walichonacho ni kidogo. Baba mmoja aliyekuwa anakaribia kustaafu alimwambia mbunifu wake wa kwanza, "Wewe chora, fedha itapatikana." Mbunifu akachora. Vyumba vinne, ghorofa, ngazi ya kuzunguka. Mzee akaweka kiinua mgongo chake kwenye msingi na nguzo. Fedha ikaisha kwenye renta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Alipokuja kwangu lile boma lilikuwa limeota majani, nondo zimechomoza juu zina kutu, na yeye bado anapanga Mbagala. Alikuwa na fedha ya kutosha nyumba nzuri ya vyumba vitatu, iliyopauliwa, yenye maji na umeme. Alikuwa nayo! Mazungumzo ndiyo yaliyokosekana.

Semeni kiasi. Semeni mlichonacho mkononi leo, mnachoweza kuongeza kila mwaka, na kipi ni mkopo ambao chama kitaudai, ujenzi ukamilike au usikamilike. Kisha mwulize mbunifu: kiasi hiki kinajumuisha nini? Maana nyumba si kuta na bati. Kuna kibali cha ujenzi. Kuna ada ya mbunifu na ya mhandisi. Kuna shimo la maji taka, kisima au kuunganishiwa maji, umeme, ukuta wa uzio na geti. Watu wanaweka fedha yote kwenye jengo, halafu wanahamia kwenye nyumba isiyo na shimo. Na msisubiri michoro ikamilike ndipo mumtafute mkadiriaji majenzi, mtaalamu wa kupiga hesabu za gharama za ujenzi. Michoro ya awali ikishakuwepo, ombeni makadirio ya awali. Nyumba ikionekana kubwa kuliko mfuko, ipunguzwe hapohapo ikiwa bado mistari.

Wengi wenu mtajenga kwa awamu, mwaka huu msingi, mwakani tofali. Hakuna ubaya wowote, nchi hii imejengwa hivyo. Lakini mwambieni mbunifu tangu siku ya kwanza! Akijua, ataigawa nyumba ili awamu ya kwanza iwe nyumba kamili: vyumba viwili, choo, jiko, chini ya paa lililokamilika, mhamie muache kulipa kodi. Kama ghorofa itakuja baadaye, mhandisi lazima apime msingi na nguzo za kuibeba sasa, na mbunifu atenge mahali pa ngazi sasa. Baada ya kupaua, hayo hayaongezwi bila kubomoa.

Jambo la tatu nitalisema kwa ufupi, lakini lishikeni. Mbunifu azungumze na nyumba yenye sauti moja.

Nimefanya kazi na familia ambayo asubuhi baba ananiambia sebule iwe kubwa, jioni mama ananipigia sebule ipungue tupate chumba cha kushonea, na usiku kaka yao aliyeko Muscat, ambaye ndiye anayetuma sehemu kubwa ya fedha, ananitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita kuhusu nguzo za duara alizoziona huko. Watu watatu, nyumba tatu. Manahodha wengi chombo huenda mrama. Nikasimamisha kalamu, nikawaomba wakae wenyewe, bila mimi, watoke na karatasi moja. Walikaa wiki kadhaa. Waliporudi walikuwa wamekubaliana jambo ambalo hakuna hata mmoja wao alikuwa ameniambia mwanzo: kwamba nyumba ile ni ya mama yao mzazi kwanza, na wao ni wageni wake. Ramani ikabadilika kabisa, ikawa rahisi.

Basi gombaneni nyumbani, mkifika ofisini muwe mmeshapatana. Chagueni mmoja wa kupeleka na kupokea ujumbe. Lakini vikao vikubwa, mume na mke waje wote. Akina baba, nisikilizeni kwa hili: kama hupiki, usinieleze jiko. Mwache anayesimama hapo aseme sinki liwe wapi, kabati liwe juu kiasi gani, na anataka kumwona nani uani wakati anakaanga samaki. Na kwa mlio na ndugu nje, mheshimuni kwa fedha yake, mweleweni kwa mapenzi yake, lakini atakayelala humo kila usiku ndiye asemaye neno la mwisho kuhusu chumba.

Sasa niwaambie siri ya ofisi zetu. Mtu anapokunjuliwa michoro mezani, anatikisa kichwa. "Sawa, nzuri, safi kabisa." Wanatikisa vichwa madaktari, wanatikisa maprofesa, wanatikisa wakurugenzi. Na wengi wao hawajaelewa. Wanaona aibu kusema. Jamani, kusoma michoro ni ufundi, sisi tumekaa darasani miaka kuusomea. Hakuna aibu kusema, "Mwanangu, hapa sijaelewa, nieleze." Mbunifu mzuri atakushukuru. Asiyetaka kukueleza, mwogope.

Niwape mwanzo. Ramani ya sakafu ni nyumba iliyokatwa kwa ulalo, juu kidogo ya ukingo wa chini wa dirisha, sehemu ya juu ikaondolewa, nawe unaitazama kutoka angani. Ikiandikwa kipimo 1:100, kila sentimita moja ya karatasi ni mita moja ya kiwanja. Mchoro wa mkato, yaani nyumba iliyopasuliwa kwa wima, unakuonyesha kwenda juu: dari iko wapi, paa limelala vipi, sakafu imeinuka kiasi gani kutoka ardhini. Na ulizeni kila mara: vipimo hivi ni vya ndani ya chumba, au ni vya katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta?

Mnaona ni swali dogo? Tupige hesabu pamoja. Chumba kimeandikwa mita 3 kwa 3, kipimo cha katikati ya kuta. Tofali la inchi 6 ni sentimita 15. Toa hiyo, toa na plasta pande mbili, ndani unabaki na mita 2.82 hivi. Kitanda chako cha sita kwa sita ni mita 1.83. Kabati la nguo lina kina cha sentimita 60. Toa vyote viwili: imebaki chini ya sentimita 40. Chini ya sentimita 40! Mlango wa kabati haufunguki, na mtu mzima anapita ubavu. Aliyeliona hilo kwenye karatasi anasema, "Niongezee." Asiyeliona atalijua siku ya kuhamia, kitanda kikiwa mlangoni.

Kwa hiyo nawaombeni mfanye walichofanya wanandoa fulani, walimu wote wawili. Nilipowapa ramani walikwenda kiwanjani Jumamosi na vigingi na kamba, wakapima kila chumba chini kwenye mchanga. Wakapanga viti vya plastiki kwenye sebule. Mama akabeba ndoo, akatembea kutoka kisimani hadi jikoni, kutoka jikoni hadi mezani, kutoka mezani hadi bafuni. Jumatatu wakarudi kwangu na mambo manne. La kwanza, kutoka jikoni kwenda uani ilibidi mama apite mbele ya wageni. La pili, kitanda chao hakikai. La tatu, kibaraza kilikuwa chembamba, watu wawili wakikaa wa tatu hapiti. La nne, kutoka pale walipokuwa wamekaa walikuwa wanaiona mibuyu ya jirani, na wakaitaka ionekane kutoka mezani. Nilibadilisha yote manne siku mbili. Hakuna tofali lililovunjwa, hakuna senti ya saruji iliyopotea. Ile michoro iliyorudi kiwanjani ilikuwa yao kweli, na walipoanza kujenga hawakumsumbua fundi kwa badiliko hata moja la kuta.

Na kama hupendi, sema. Sema mapema, na sema sababu. "Sipendi" peke yake hainisaidii. "Sipendi kwa sababu nikiingia naona mlango wa choo" inanisaidia sana. Wengi wenu mna adabu, mnaona vibaya kumkatalia mtaalamu aliyehangaika. Mnakaa kimya, ramani inapita, kibali kinatoka, kisha mnamwita fundi pembeni: "Bwana, huu mlango uhamishie kule." Msifanye hivyo. Fundi akiuhamisha mlango, pengine kule ulikokwenda kuna nguzo, au bomba la maji taka linapita chini, au dirisha la chumba jirani limepoteza upepo wake. Mpigie mbunifu. Mwambie umebadili mawazo. Atatazama nini kingine kinaguswa, kisha mtaamua pamoja.

Nimalizie na maandishi, maana hapa ndipo hata watu wakubwa duniani walipojikwaa. Huko Marekani kulikuwa na daktari mmoja wa figo wa Chicago, Edith Farnsworth. Alimpa kazi ya kumjengea nyumba ya mapumziko ya mwisho wa wiki mbunifu mashuhuri sana wa karne ya ishirini, Mies van der Rohe. Walianza wakiwa na urafiki na heshima kubwa. Nyumba ikakamilika mwaka 1951, pale Plano, jimbo la Illinois, kando ya mto: chumba kimoja kirefu, kuta zake zote vioo. Hadi leo wanafunzi wa ubunifu majengo dunia nzima wanafundishwa uzuri wake, na mimi nilifundishwa. Lakini gharama zilipanda kadiri ujenzi ulivyoendelea, na hapakuwa na mkataba ulioandikwa wa malipo ya mbunifu. Wakapelekana mahakamani. Na daktari yule alilalamika kuhusu maisha yenyewe ndani ya vioo vile: anaonekana na kila mtu, na nyumba haikuwa rahisi kuishi. Mbunifu bingwa, mteja msomi, kiwanja kizuri. Kila mmoja alikuwa na nyumba yake kichwani, na hawakuwekeana maandishi.

Ninyi wekeaneni. Kabla ya yote, mwulize mbunifu namba yake ya usajili; Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi inayo orodha, na mbunifu wa kweli hachukii kuulizwa. Mkataba useme atachora nini, atalipwa kwa hatua zipi, mabadiliko mangapi yamo ndani ya ada, na atakuja kiwanjani kukagua mara ngapi. Kila mkimaliza kikao, jioni ileile mtumie ujumbe wa maandishi: tumekubaliana hili na hili, hili bado. Ujumbe wa sauti mzuri kwa salamu, lakini miezi sita baadaye hakuna atakayeupata ule uliosema swichi ya taa iwe upande gani. Na nyumba ikikamilika, daini michoro inayoonyesha mabomba na nyaya zilipita wapi kweli, muiweke pamoja na hati ya kiwanja. Siku bomba likipasuka mtavunja tile mbili badala ya sakafu nzima.

Mama Mwenyekiti, nimeona saa. Kwa ruhusa yako, maswali nitayapokea tukiwa nje. Katibu ameleta vigingi na kamba, na mlinzi amekubali kututolea kitanda chake, ni sita kwa sita kamili. Naomba vijana wanne wakibebe. Tutapima pale uwanjani chumba cha mita 3 kwa 3, tutaweka kitanda, tutaweka meza mahali pa kabati, na kila mwenye kiwanja atapita humo mmoja mmoja, ajionee. Yule mama wa safu ya nyuma, aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja ngazi, atauliza wa kwanza.